Dawa za Kupunguza Uzito Zinazouzwa Bila Cheti cha Daktari: Ipi Inajulikana, na Inatumiwaje kwa Usalama

Mtu anayeingia duka la dawa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura na kuulizia dawa ya kupunguza uzito anaweza kuwekewa mezani vitu visivyo na undugu wowote. Kuna boksi la vidonge lenye jina la kiwanda, namba ya toleo na karatasi ya maelezo ndani yake. Kuna pakiti ya majani ya chai yenye picha ya kiuno chembamba. Kuna pia kopo la vidonge vya "asili" ambavyo lebo yake haisemi zaidi ya kwamba vimetokana na mimea. Vyote vitatu huitwa kwa jina moja, vyote huuzwa bila mnunuzi kuulizwa cheti cha daktari, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu cha kwanza kinaweza kutumiwa kwa usalama na mtu anayefuata masharti yake, ilhali kwa hivyo viwili vingine, mara nyingi, hakuna masharti yanayoweza kumlinda mtumiaji, maana hajui anachomeza wala cha kujihadhari nacho.

Mamlaka ya dawa inaporuhusu dawa fulani iuzwe bila cheti, huwa imeridhika kwamba mtu mzima anaweza kusoma maelekezo, akatambua kama dawa hiyo inamfaa au haimfai, akaitumia kwa muda mfupi na akajua lini aiache. Maswali ambayo daktari angeuliza kuhusu ini, figo, ujauzito na dawa nyingine bado lazima yaulizwe; tofauti ni kwamba sasa anayetakiwa kuyauliza ni mfamasia, na anayetakiwa kuyajibu kwa ukweli, hata kama hakuulizwa, ni mnunuzi mwenyewe.

Dawa moja na namna inavyofanya kazi

Kati ya dawa zilizopimwa kwa majaribio ya muda mrefu, iliyoruhusiwa kuuzwa bila cheti katika nchi nyingi ni moja tu: orlistati, ambayo kwenye boksi huandikwa "orlistat". Ya miligramu 120 ilianza kutolewa kwa cheti cha daktari mwishoni mwa miaka ya 1990. Ya miligramu 60 iliruhusiwa kuuzwa bila cheti nchini Marekani mwezi Februari 2007, na katika nchi za Umoja wa Ulaya mwezi Januari 2009. Majina ya biashara ni mengi, hivyo ni vizuri kuangalia jina la dawa yenyewe na idadi ya miligramu, ambavyo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa.

Ukishaelewa namna orlistati inavyofanya kazi, karibu masharti yake yote utayaelewa bila kukariri. Mafuta tunayokula hayawezi kufyonzwa na utumbo yakiwa kama yalivyo. Ni lazima kwanza yavunjwevunjwe na vimeng'enya vinavyotoka tumboni na kwenye kongosho. Orlistati hujishikiza kwenye vimeng'enya hivyo na kuvizuia visifanye kazi. Kwa kipimo cha miligramu 60, takriban robo ya mafuta yaliyo kwenye mlo hupita bila kufyonzwa na kutoka na kinyesi. Kwa miligramu 120 ni karibu asilimia 30. Dawa hii haizimi njaa, haiongezi kasi ya moyo na haiyeyushi mafuta yaliyokwisha kujijenga tumboni au mapajani. Inafanya kazi ndani ya utumbo, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno.

Kwa hiyo kidonge humezwa pamoja na mlo wenye mafuta, au ndani ya saa moja baada ya mlo huo, na kisizidi mara tatu kwa siku. Aliyeruka mlo aruke na kidonge. Aliyekunywa uji mtupu au kula tikiti maji hana sababu ya kukimeza. Kuongeza kipimo hakuongezi faida, kwa kuwa vimeng'enya vinavyozuiwa vina kikomo. Kinachoongezeka ni maudhi.

Maudhi yenyewe yanahitaji kusemwa bila kuzunguka, maana ndiyo yanayowafanya wengi waiache dawa wiki ya kwanza au wadhani wamelishwa sumu. Mafuta yasiyofyonzwa lazima yatoke, na hutoka jinsi yalivyo: kinyesi chenye mafuta, haja kubwa inayobana ghafla, gesi inayotoka pamoja na matone ya mafuta, na wakati mwingine doa la rangi ya chungwa kwenye nguo ya ndani. Hayo si dalili ya ugonjwa. Ukubwa wake hutegemea kiasi cha mafuta kilichokuwa kwenye sahani, na maelekezo ya dawa hushauri wastani wa gramu 15 za mafuta kwa mlo mmoja. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina karibu gramu 14. Kwa maneno mengine, kiasi kinachoruhusiwa kwa mlo mzima kinaweza kuishia kwenye mafuta ya kukaangia kitunguu kabla hata nyama haijaingia chunguni, na sahani ya chipsi mayai hukipita kwa mbali, sawa na chapati mbili za mafuta au wali uliopikwa kwa tui zito la nazi. Ndiyo maana inashauriwa kuanza kupunguza mafuta siku chache kabla ya kidonge cha kwanza, na kukimeza kwa mara ya kwanza siku ya mapumziko, karibu na choo, badala ya asubuhi ya safari ya basi kwenda Dodoma.

Jambo lingine linalofuata, na ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha katika maduka yetu, ni kwamba orlistati haigusi wanga wala sukari. Familia nyingi za Afrika Mashariki hupata nguvu kubwa ya mwili kutoka kwenye ugali, wali, mihogo, ndizi, mkate, chai yenye sukari na soda. Chupa ya soda ya nusu lita inaweza kubeba takriban gramu 50 za sukari, nayo yote itafyonzwa kana kwamba hakuna kidonge kilichomezwa. Mtu ambaye uzito wake umetokana zaidi na soda mbili kwa siku na mlima wa ugali usiku atatumia fedha nyingi na kupata mabadiliko madogo sana, kwa sababu dawa inazuia kitu ambacho kwake si chanzo kikuu cha tatizo. Kabla ya kununua, inafaa aandike kwa siku tatu au nne kila anachokula na kunywa, ikiwemo ile andazi anayokula kazini bila kuihesabu kuwa chakula, kisha aonane na mfamasia au mtaalamu wa lishe akiwa na karatasi hiyo mkononi.

Hata kwa anayefaa kuitumia, faida yake ni ya kiasi. Maelezo ya dawa ya miligramu 60 huieleza hivi: kwa kila kilo mbili ambazo mtu angezipunguza kwa chakula na mazoezi, dawa inaweza kumsaidia kupunguza kilo moja zaidi. Uchambuzi wa majaribio ya dawa ya miligramu 120 yaliyodumu mwaka mmoja au zaidi ulionyesha tofauti ya chini kidogo ya kilo tatu kati ya walioitumia na waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, kilo tatu za ziada zina maana kiafya, na hakuna sababu ya kuzidharau. Lakini yeyote anayeahidiwa kilo kumi kwa mwezi anaahidiwa kitu ambacho dawa hii haiwezi kukifanya, na anapaswa kujiuliza ni nini hasa kilichomo ndani ya kopo lake.

Nani anafaa, na kwa muda gani

Katika nchi za Ulaya dawa ya miligramu 60 imekusudiwa watu wa miaka 18 na kuendelea ambao uwiano wa uzito na urefu wao, unaofahamika kwa wengi kama BMI, ni 28 au zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 78 atagawanya 78 kwa 2.56 na kupata takriban 30.5, hivyo yumo ndani ya kundi hilo. Dada mwenye urefu huohuo na uzito wa kilo 62 atapata 24, ambao ni uzito wa kawaida. Hata kama anatamani kiuno chembamba kabla ya harusi, dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yake, na haina uwezo wa kuchagua sehemu ya mwili ya kupunguza. Watoto na vijana chini ya miaka 18 wasinunuliwe dawa hii na wazazi wao kwa nia njema. Mtoto mwenye uzito mkubwa apelekwe kliniki.

Muda nao una mipaka. Ikiwa wiki 12 zimepita na uzito haujapungua, dawa inaachwa na mtu anaonana na daktari, kwa sababu huenda tatizo liko kwenye tezi ya shingoni, kwenye dawa nyingine anayotumia, au kwenye chakula ambacho hakijabadilika. Hata kwa aliyefanikiwa, matumizi bila usimamizi wa daktari hayatakiwi kuzidi miezi sita. Kasi inayolengwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kupungua haraka kuliko hapo huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo, jambo linaloweza kumpata hata anayejinyima chakula bila kutumia dawa yoyote.

Kwa kuwa vitamini A, D, E na K husafiri mwilini pamoja na mafuta, sehemu yake nayo hupotea. Mtumiaji hushauriwa kumeza kidonge cha mchanganyiko wa vitamini usiku wakati wa kulala, mbali na kidonge cha orlistati, ili kisije kikaoshwa kwa njia hiyohiyo.

Wasiotakiwa kuitumia kabisa ni wajawazito, wanaonyonyesha, watu ambao utumbo wao una ugonjwa wa kudumu wa kushindwa kufyonza chakula, na wale ambao nyongo yao haitiririki vizuri kutoka kwenye ini. Mwenye ugonjwa wa figo lazima amuone daktari kwanza. Mafuta yasiyofyonzwa hushikamana na madini ya kalsiamu utumboni, na kalsiamu ikishashikwa, kemikali iitwayo oksaleti inayopatikana kwenye vyakula vingi hubaki huru, huingia kwenye damu na inaweza kujikusanya kwenye figo kama mawe au kuziumiza. Aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula hadi kudhoofika, au la kula na kujitapisha, naye asipewe dawa hii dukani. Anahitaji msaada wa aina nyingine.

"Natumia za presha tu"

Kwenye dirisha la duka la dawa kuna mazungumzo mafupi yanayojirudia kila siku. Mfamasia anauliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Mama anajibu, "Hapana mwanangu, natumia zangu za presha tu." Anajibu hivyo kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa dawa aliyoimeza kila asubuhi kwa miaka minane haihesabu tena kuwa dawa. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango, vya tezi, vya kifafa na vya kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa orlistati, swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, na kila kidonge kinachomezwa nyumbani kinapaswa kutajwa kwa jina, ikiwezekana kwa kuonyesha boksi lake.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda hatakiwi kujinunulia orlistati, maana vitamini K ikipungua, damu huwa nyepesi kupita kiasi na anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Anayetumia siklosporini baada ya kupandikizwa figo hatakiwi kuitumia, kwa sababu kiwango cha dawa hiyo kwenye damu hushuka na mwili unaweza kukikataa kiungo alichopewa. Mwenye tezi iliyolegea anayetumia levotiroksini anaweza kukuta tezi inarudi kumsumbua. Dawa hizo mbili zinapaswa kuachana kwa angalau saa nne, na daktari ajulishwe. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege tena ikiwa dawa zake hazifyonzwi ipasavyo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu hakatazwi, lakini uzito ukishuka, kipimo cha dawa alichozoea kinaweza kuwa kikubwa kuliko anachohitaji, na sukari au presha ikashuka mno. Ndiyo maana anatakiwa kuanza akiwa na ratiba ya kupimwa. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, akipatwa na kuhara kukali, aongeze njia nyingine kama kondomu, kwani huenda vidonge vimepita bila kufyonzwa.

Nataka kukaa kidogo kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu katika nchi zetu jambo hili linawagusa watu wengi, na karatasi ya maelezo huligusia kwa mstari mmoja tu. Miaka ya karibuni wateja wengi wa kliniki za huduma na matunzo wamehamishiwa kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, dawa nzuri inayofubaza virusi haraka. Majaribio yaliyofanyika Johannesburg, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba waliotumia mchanganyiko wenye dawa hiyo waliongezeka uzito, na wanawake waliongezeka zaidi. Ni rahisi basi kumwona dada ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, afya yake imerejea, nguo zimeanza kumbana, na anaingia duka la dawa kutafuta suluhisho. Hata hivyo kumekuwa na taarifa za watu waliotumia orlistati pamoja na dawa za kufubaza virusi, na virusi vikaanza kuongezeka tena kwenye damu, yamkini kwa sababu dawa hizo zilinaswa kwenye mafuta yaliyokuwa yakitoka. Foleni ya dukani si mahali pa kusema hali yako kwa sauti, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kufanya hivyo. Anaweza kuomba kuzungumza pembeni na mfamasia, au, bora zaidi, aache kununua siku hiyo na aulize kliniki yake anakochukua dawa, ambako faili lake lipo na kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kufuatiliwa. Kitu kisichofaa kabisa ni kuacha au kurukaruka dawa za kufubaza virusi kwa ajili ya kilo.

Kuhusu ini, mwezi Mei 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo ya orlistati yaongezewe tahadhari. Katika kipindi cha miaka kumi, kuanzia Aprili 1999 hadi Agosti 2009, ilikuwa imepokea taarifa 13 za watu walioumia ini vibaya wakiwa wanatumia dawa hiyo, wakati waliokuwa wameitumia duniani walikadiriwa kuwa milioni 40. Haikuthibitishwa kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hesabu hiyo inaonyesha jambo adimu sana, lakini dalili zake ni za kujua kwa moyo: macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili kuwasha, kukosa hamu ya kula na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Ukiziona, dawa inaachwa siku hiyohiyo na unakwenda hospitali. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma na damu kwenye kinyesi nayo hayasubiri.

Chai, "asili" na vidonge visivyojitambulisha

Chai nyingi za kupunguza uzito zinazofanya kazi kwa kuendesha tumbo zina majani ambayo bibi zetu wa pwani waliyajua vizuri: sanamaki. Sanamaki ni dawa halali ya kulainisha choo kilichofunga inapotumika kwa siku chache. Hatari huja inapogeuzwa kinywaji cha kila jioni. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, hivyo kinachotoka ni maji na madini. Mizani inaonyesha kilo moja pungufu asubuhi, na kilo hiyo inarudi kwa glasi chache za maji. Kwa mtumiaji wa muda mrefu, madini ya potasiamu hushuka, misuli hulegea, na mapigo ya moyo yanaweza kwenda kombo. Vidonge vya kukojoza maji mwilini vinavyotumiwa na baadhi ya watu kwa lengo hilohilo vina hatari ileile, navyo ni dawa za cheti.

Kubwa kuliko sanamaki ni kile kisichoandikwa. Sibutramini ilikuwa dawa ya cheti ya kupunguza hamu ya kula. Utafiti mkubwa uliofuatilia karibu watu elfu kumi waliokuwa na ugonjwa wa moyo au kisukari uligundua kwamba walioitumia walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi, hatari ikiwa imeongezeka kwa asilimia 16, na mwaka 2010 dawa ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Haikutoweka. Wachanganyaji waliiingiza kimyakimya kwenye vidonge na chai za "mimea". Uchambuzi wa orodha ya FDA ya kati ya 2007 na 2016 ulikuta bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho huku zikiwa na dawa za hospitali zilizofichwa. 317 kati yake zilikuwa za kupunguza uzito, na 269 miongoni mwa hizo zilikuwa na sibutramini. Nyingine zilikuwa na fenolftaleini, dawa ya kuendesha tumbo iliyoondolewa sokoni Marekani miaka ya 1990 kwa hofu ya saratani.

Kuna namna ya kuihisi, ingawa si kipimo cha maabara. Chai ya majani haipaswi kukukaushia mdomo, kukunyima usingizi, kukupandisha presha na kukuondolea njaa kabisa tangu siku ya kwanza. Watu hufurahi wakisema chai hii "inafanya kazi kweli". Moyo kwenda mbio baada ya kikombe kimoja ni sababu ya kuacha, kupima presha na kuipeleka pakiti kwa mfamasia. Anayetumia dawa za sonona yuko kwenye hatari zaidi, kwani sibutramini ikikutana na baadhi ya dawa hizo inaweza kuleta joto kali la mwili, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Wala mmea halisi hauthibitishi usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito mjini Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya aristolokia, na figo za wanawake zaidi ya mia moja ziliharibika. Wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Hakuna pia aliyepima kilichokuwa ndani ya gunia. Chai ya kijani nayo, ambayo kama kinywaji haina tatizo, dondoo zake nzito zikikolezwa kwenye vidonge zimehusishwa na kuumia kwa ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kuhusu kipimo cha miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiambato chake kikuu.

Kuna unga wa njano uitwao dinitrofenoli, au DNP, unaouzwa mtandaoni hasa kwa vijana wa mazoezi ya kujenga misuli. Ulitumika kupunguza uzito miaka ya 1930 na ukapigwa marufuku Marekani mwaka 1938. Hufanya mwili uchome nguvu yake kuwa joto, joto hilo likipanda hakuna dawa ya kulishusha, na watu wamekufa. Tangu Oktoba 2023 Uingereza inaihesabu miongoni mwa sumu zinazodhibitiwa kisheria. Usiijaribu kwa kipimo chochote.

Sindano za kupunguza uzito za semaglutidi, zinazozungumzwa sana siku hizi, si za kununua bila cheti mahali popote zilikoidhinishwa. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu na kuletwa na bodaboda haina wa kuiulizia ilihifadhiwa kwenye baridi gani wala ina nini ndani.

Kwenye meza ya duka

Nchini Tanzania Bara dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Mnunuzi ana haki ya kumwomba mfamasia amhakikishie kwamba bidhaa imesajiliwa kama dawa, na jibu la "hii ni ya asili, haihitaji usajili" ni jibu la kutosha kuirudisha kabatini. Angalia lakiri kama haijafunguliwa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kama zinafanana kwenye boksi na kwenye chupa au pakiti ya ndani, na karatasi ya maelezo kama ipo na inasomeka. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, mwombe mfamasia akusomee sehemu mbili: nani asitumie, na dalili zipi zinakutaka uache. Vidonge vya kuhesabiwa kutoka kopo kubwa na kufungwa kwenye bahasha ya karatasi visikubaliwe kwa dawa ya aina hii. Orlistati pia haipendi joto; maelezo yake hutaka isizidi nyuzi 25, kwa hiyo isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala juu ya friji jikoni.

Ukiwa nyumbani, andika tarehe ya kidonge cha kwanza na uzito wa siku hiyo juu ya boksi lenyewe, kisha jipime mara moja kwa wiki, saa ileile na kwa mzani uleule. Zikitimia wiki 12, namba hizo zitakuambia kama una sababu ya kununua boksi lingine, na hutategemea kumbukumbu wala sifa za jirani. Boksi au pakiti tupu usiitupe mpaka utakapomaliza kutumia. Ukiumwa katikati, iwe ni kwa dawa iliyosajiliwa au kwa chai uliyoletewa na rafiki, nenda hospitali ukiwa nayo mkononi na umwambie daktari kila ulichokunywa, bila kuona haya. Akishaona jina, toleo na kiwanda anaweza kujua apime nini kwanza, na taarifa yake ikifika TMDA au kwenye Bodi ya Kenya, toleo hilo linaweza kufuatiliwa kwenye maduka mengine yote linakouzwa.